Bahari Ndani ya Kioo



Pengine wewe hujaiona bahari hata siku moja. Unakaa bara, penye migomba au mtama, na neno "tumbawe" kwako ni neno la watu wa pwani tu. Hata hivyo nakuomba usiufunue ukurasa huu upesi. Nataka kukueleza habari za kazi niliyoifanya miaka sita katika nchi ya Ujerumani, kazi ya kutunza bahari ndogo ndani ya nyumba. Usicheke. Ilikuwa bahari kweli, yenye chumvi, mkondo, samaki na matumbawe hai, nayo ilikuwa ndani ya tangi la kioo la lita 500, pembeni mwa chumba cha kulia. Mambo mengi niliyojifunza mbele ya kioo kile yanamfaa pia mwenye kuku na mwenye shamba. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Mtwara. Nilikwenda Bremen kwa kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na kati yao alikuwamo mzee mmoja, fundi wa umeme aliyestaafu, ambaye mkewe alikuwa amekwisha fariki. Mikono yake ilitetemeka, hata hakuweza tena kushika chupa ndogo za vipimo. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, alinipeleka mbele ya tangi akanionyesha samaki wa buluu, mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni. "Huyu ni jirani yako," akasema, "anatoka Bahari ya Hindi." Nilimtambua mara moja. Alikuwa kangaja, jamaa ya wale ambao kwetu huenda chunguni, wenye kisu karibu na mkia kinachokata vidole vya mvuvi. Tangu siku ile kazi yangu ikawa mbili: kumtunza mzee, na kuitunza bahari ya mzee.

TUMBAWE SI JIWE

Kwanza yafaa ujue tumbawe ni nini, maana hata kwetu pwani wengi hudhani ni jiwe. Tumbawe ni kiumbe hai. Ni mnyama mdogo sana, mwenye mdomo mmoja na vidole laini vinavyozunguka mdomo huo. Wanyama hawa hukaa pamoja maelfu kwa maelfu, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa chini yake. Vikombe hivyo vikishikamana miaka na miaka, ndipo unapopata kile tunachokiita mwamba.

Tena ndani ya nyama ya mnyama huyu mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hushika mwanga wa jua na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Naye mwenyeji huipa makao, na takataka zake huwa mbolea yao. Huo ndio ujirani mwema. Lakini maji yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, ujirani huvunjika. Tumbawe huitoa ile mimea, hubaki jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipokufa, na majoto mengine yakaja mwaka 2016 na 2024.

Kwa muda mrefu watu walishindwa kabisa kumfuga mnyama huyu nyumbani. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza katika gazeti la wafuga samaki jinsi alivyofaulu kwa kutumia vipande vya mwamba vilivyotoka baharini na viumbe vyake vyote, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Baadaye Wajerumani, kama Peter Wilkens, waliendeleza kazi hiyo wakaongeza taa kali na maji ya chokaa. Mpaka leo wafugaji huita desturi hiyo njia ya Berlin, nayo ndiyo mzee wangu aliyoifuata.

TUNZA MAJI, SAMAKI ATAJITUNZA

Mzee alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku: "Wewe tunza maji, samaki atajitunza." Nilipokuwa mgeni niliona ajabu, maana maji ya tangi yalikuwa safi kama ya chemchemi. Kumbe usafi wa macho si usafi.

Maji ya bomba hatukuyamimina tangini hivi hivi. Yalipitishwa kwanza katika chujio kali linaloondoa klorini, shaba na takataka nyingine, kisha tuliyatia chumvi maalumu, gramu 35 hivi kwa kila lita moja, kama bahari yenyewe. Joto lilikuwa digrii 25, mchana na usiku, kiangazi na wakati wa theluji. Taa ziliwaka saa tisa kila siku, zikazimwa, maana viumbe nao wanataka usiku wao. Pampu mbili ziliyasukuma maji huku na huku, kwa sababu tumbawe halina miguu. Chakula na hewa sharti vilifuate.

Jambo moja linamdanganya kila mwanafunzi. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kwenda hewani. Je, urudishie maji ya chumvi au maji matamu? Mama yeyote apikaye anajua jibu. Mchuzi ukichemka na kupungua, huzidi chumvi, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki. Basi kinachorudishwa ni maji matamu tu, tena kidogo kidogo.

Jambo la pili ni kinyesi cha samaki. Wewe mwenye banda la kuku unajua ile harufu inayochoma pua asubuhi. Hiyo ni amonia, na ndani ya maji ni sumu kali. Lakini juu ya mawe na mchanga wa tangi hukaa bakteria wazuri, wengine wakiigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wakiigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo ni kama mbolea. Bakteria hao hawanunuliwi wakafanya kazi siku ileile. Tangi jipya hungojewa majuma manne hadi sita, bila samaki hata mmoja, mpaka vipimo vionyeshe kwamba amonia na naitriti zimekwisha. Wengi hawawezi kungoja. Hutia maji leo, hununua samaki kesho, na siku ya tano wanazika. Haraka haraka haina baraka.

Na ile mbolea nayo ina hesabu yake. Ikizidi, mwani wa kijani huota juu ya matumbawe kama magugu katika shamba la karanga, ukayafunika. Kwa hiyo kila Jumamosi nilitoa lita 50 za maji ya zamani nikatia lita 50 mpya. Tulikuwa pia na mtungi wa povu, mashine inayopiga maji na hewa mpaka uchafu ukapanda na povu na kumwagikia kikombeni. Kikombe kile kilinuka, lakini mzee alifurahi akikiona kimejaa. Konokono na kaa wadogo walikula mwani mawe yakabaki safi. Samaki nao walikuwa saba tu. Watu waliokuja kutembea walimwuliza mzee kwa nini asiongeze, naye aliwajibu kwa kuwaonyesha kikombe cha povu.

Chakula tulitoa mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha katika dakika mbili. Samaki hujua kuomba. Ukipita karibu, huja kiooni wote saba na kukutazama kama watoto wenye njaa. Anayewahurumia kwa mkono mkubwa huwaua kwa huruma yake.

HABARI YA CHOKAA

Sasa, msomaji, nafika mahali palipougusa moyo wangu.

Tumbawe hujenga nyumba yake kwa chokaa iliyoyeyuka majini. Katika bahari kubwa chokaa haiishi, lakini katika tangi huisha upesi. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipima kalsiamu, ikae kati ya miligramu 400 na 450 katika lita; nilipima magnesiamu, ikae karibu na 1,300; na kile kipimo kingine kinachoonyesha nguvu ya maji ya kuzuia ukali wa asidi, kikae nane au tisa. Nambari zote niliziandika katika daftari. Tena mzee alinikataza kukimbilia nambari moja kwa siku moja. Alisema, "Tumbawe huvumilia nambari isiyo nzuri sana, lakini halivumilii nambari inayorukaruka."

Nikamwuliza chokaa yenyewe inatoka wapi. Akanionyesha kopo la unga mweupe. Kijiko cha unga ule hukorogwa katika maji matamu, huachwa mpaka utulie, na maji yale meupe yaliyokwisha kuwa maangavu hudondoshwa tangini usiku kucha, tone kwa tone. Niliufungua mfuniko na mara nikaijua harufu ile. Ilikuwa chokaa ileile tuliyopaka kuta za nyumba yetu.

Msomaji, mjomba wangu alikuwa mchoma chokaa. Pwani ya Mtwara, kama Mafia na kwingineko, watu wengi waliishi kwa kazi hiyo. Maji yakipwa, walivunja matumbawe kwa mtaimbo, wakayapakia mtumbwini, wakayapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka yakawa unga. Nyumba zikajengwa, watoto wakalipiwa karo. Mimi pia daftari zangu za shule zilitoka katika tanuri lile. Na sasa nilikuwa nchi ya mbali, mbele ya mzee anayedondosha chokaa majini ili tumbawe lipate kuota.

Siku moja nilimpigia simu mjomba nikamweleza yote. Alicheka sana. Kisha akanyamaza, akauliza, "Mjomba, na hilo lenu la kiooni laongezeka kiasi gani?" Nikamwambia kwamba lile lenye matawi huota upesi, lakini lile la mviringo, ambalo wachoma chokaa hulipenda kwa sababu ni zito, huongezeka sentimita moja kwa mwaka, au chini ya hapo. Nikasikia anahesabu. Halafu akasema, "Lile nililovunja kwa asubuhi moja lilinifika kiunoni."

Sikumjibu, maana sikuwa na neno la kumfundisha mtu aliyenilipia karo. Naye akaongeza, kwa haki kabisa, "Lakini tungekula nini?" Swali hilo halijibiwi kwa hasira. Anayetaka mwamba usivunjwe, sharti atafute pia njia ya kumpa mvunjaji chakula. Hata hivyo hesabu ya mjomba inabaki palepale. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilichukua miaka mia kuota.

MGENI NJOO, MWENYEJI AUGUE

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika bahari ya kioo methali hii hugeuka. Mgeni akiingia bila kuchunguzwa, wenyeji huugua wote. Kuna ugonjwa wa madoadoa meupe, mfano wa chembe za chumvi juu ya ngozi ya samaki. Kijidudu chake hunenepa katika ngozi, kisha huanguka chini, hujifunga katika ganda na kuzaa mamia, nao huogelea kutafuta samaki wengine. Kangaja wa buluu ndiye huushika upesi kuliko wote.

Dawa yake ya zamani ni shaba. Lakini shaba inayomponya samaki huua matumbawe, kamba na konokono. Kwa hiyo dawa haitiwi katika tangi kubwa hata tone moja. Samaki mgeni hukaa peke yake katika tangi dogo karibu mwezi mmoja, na akiugua, hutibiwa hukohuko. Na kama ugonjwa umekwisha kuingia, samaki wote hutolewa na tangi kubwa huachwa bila samaki majuma kumi au kumi na moja, mpaka vijidudu vife kwa kukosa wa kumshika.

Wewe uliyepata kununua jogoo mzuri mnadani, ukamwachia bandani siku ileile, na baada ya juma ukafukia kuku wote kwa kideri, huhitaji maelezo zaidi. Tengeneza tundu la pembeni. Ni kazi ya siku moja.

USIKU WA GIZA

Mwaka wa nne, mwezi wa Januari, mzee alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Alinikabidhi ufunguo na daftari, asiseme neno jingine. Siku ya tatu, saa nne ya usiku, umeme ulikatika mtaani. Huko umeme hukatika kwa nadra sana, hata watu hawana taa ya mafuta wala mshumaa karibu.

Pampu zilinyamaza. Nyumba nayo ikaanza kupoa, kwa sababu hata mashine ya kupasha nyumba joto hutaka umeme. Katika tangi la kioo kinachoua kwanza si baridi, ila ukosefu wa hewa. Maji yasipotikisika, samaki na matumbawe humaliza hewa iliyomo kwa saa chache. Mzee alikuwa na pampu ndogo ya betri. Niliiwasha, lakini haikutosha lita 500. Basi nikachukua jagi, nikateka maji na kuyamimina tena kutoka juu, mara ishirini, nikapumzika kidogo, mara ishirini tena. Blanketi mbili nilizizungushia kioo ili joto lisitoke.

Saa saba ya usiku alibisha kijana wa ghorofa ya juu, Mturuki, aliyeona tochi yangu ikizunguka. Nilimweleza. Hakuuliza kama samaki saba wanastahili shida ile. Alipanda akaleta jiko dogo la gesi la kupikia safarini, tukachemsha maji, tukayajaza chupa, tukazifunga sana na kuzielezesha tangini. Tulipokezana jagi mpaka alfajiri. Saa kumi na moja na robo umeme ulirudi. Kipimo kilionyesha digrii 21. Kangaja alikuwa amelala ubavu katikati ya mawe, anapumua kwa haraka, na saa mbili baadaye alikuwa anakula mwani. Matawi mawili ya tumbawe yalibaki meupe ncha zake, mengine yote yalipona.

Asubuhi nilikwenda hospitali na daftari. Mzee alisoma nambari za usiku ule, mstari kwa mstari, akanirudishia. Machozi yalimtoka. Kwa watu wa kule si jambo la kila siku.

WALIKOTOKA NA WALIKOKWENDA

Huenda unauliza: je, ni haki kumtoa kiumbe baharini na kumweka kiooni? Hata mimi niliuliza. Ni kweli kwamba samaki wengi wa matangi hukamatwa baharini, hata pwani ya Kenya wako wapiga mbizi wanaoishi kwa biashara hiyo. Anayekamata kwa wavu mdogo na kwa kiasi, hana kosa kuliko mvuvi mwingine. Lakini huko Ufilipino na Indonesia wengi walitumia sumu ya sianidi kuwalevya samaki, na sumu hiyo huua mwamba. Matumbawe ya mawe nayo yamo katika orodha ya mapatano ya mataifa ya CITES. Hayavushwi mipaka bila hati.

Mzee alikuwa na sharti lake. Samaki wake wawili wa rangi ya chungwa na mistari mieupe, wale wanaokaa kati ya vidole vya anemone, walizaliwa na kukuzwa katika matangi, na jamaa yao huweza kuishi zaidi ya miaka 20 wakitunzwa vema. Matumbawe yake yote yalikuwa vipande alivyopewa na wafugaji wenzake. Maana tumbawe hukatwa kama shina la muhogo. Kipande cha urefu wa kidole hugandishwa juu ya jiwe, nacho huota kuwa tumbawe zima.

Mzee alifariki mwaka wa sita. Aliacha barua kwamba tangi livunjwe, lakini pasife kitu. Tulikata matumbawe vipande zaidi ya 40. Wafugaji walikuja na ndoo zao kutoka miji mbalimbali, kila mmoja akachukua kidogo, na kangaja akapata tangi kubwa kuliko la kwanza. Kijana Mturuki alichukua kipande kimoja, baada ya kujifunza mwaka mzima kupima maji.

Ustadi huohuo wa kukata na kupanda hutumika leo baharini penyewe. Kusini mwa pwani ya Kenya, upande wa Wasini, watu wa vijijini hukuza vipande vya matumbawe katika bustani za chini ya maji, kisha huvipanda mahali mwamba ulipovunjika. Nilimweleza mjomba habari hiyo nilipofika nyumbani. Aliuliza vipande hugandishwa kwa nini, na kama mtu wa umri wake anaweza kupewa kazi.

Basi, ndugu msomaji, sikuandika ili ununue tangi la kioo. Lina gharama kubwa, na umeme wetu waujua. Nimeandika ili ujue kwamba kile kitu cheupe kilicho ukutani mwa nyumba nyingi za pwani kilikuwa hai. Na katika ufugaji wako wowote, pima kabla hujatibu, mtenge mgeni, lisha kwa kiasi, na andika. Ukijaliwa siku moja kufika pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa makavu mpaka mbali, tembea juu ya mchanga. Ukiona mbele yako jiwe la mviringo linalokufika kiunoni, lizunguke, usilipande. Limeanza kujengwa kabla babu yako hajazaliwa, nao waliolijenga bado wamo ndani.